Pikipiki Isiyoweza Kusimama Peke Yake

Ninyi mnaofungua injini siku hizi huku simu imeegemezwa kwenye tangi, mtu wa mbali akiwaonyesha kila nati, siwalaumu. Ningependa sana kupata mwalimu wa kusimamishwa kwa kidole na kurudishwa nyuma. Wangu, Mzee Nyakundi, ukimwomba arudie alikutazama tu mpaka ukakumbuka mwenyewe. Lakini juzi mmoja wenu aliniuliza ni kazi gani iliyonitia hofu kuliko zote katika miaka yangu ya gereji pale Nyakoe, nikamjibu bila kufikiri kwamba ni pikipiki ya Kwamboka. Akacheka. Alidhani nitataja lori. Basi niwaeleze, na mwenye kazi mkononi aendelee nayo akisikiliza, mradi asikaze kitu bila kukiangalia.

Kwamboka alikuwa mshonaji wa nguo, akikaa Mosocho. Polio ilimpata utotoni. Mguu wa kulia haukubaki na nguvu yoyote, wa kushoto ulibaki na kiasi cha kubadilisha gia, na kutembea alitembea kwa magongo mawili. Pikipiki ya kawaida hakuiweza, kwa sababu ikisimama lazima mtu ashushe mguu. Kwa hiyo alimpata fundi wa vyuma akamtengenezea kigari cha ubavuni: kiti kimoja, bodi ya bati, gurudumu moja, vyote vimefungwa upande wa kushoto wa pikipiki kwa mikono minne ya chuma. Breki ya nyuma ilihamishwa kutoka mguuni ikaletwa kwenye usukani. Wanaojua majina ya vitu walikiita saidika, kwa Kiingereza. Watoto wa barabarani walikiita karai. "Karai la Kwamboka hilo," walisema, naye aliwapigia honi kama waziri.

Humo alibeba vitambaa na magongo yake, na kila kliniki ilipofika alimbeba mama yake. Mama aliishi Gesima, ndani kabisa kwenye majani chai, mahali ambapo mvua ikinyesha gari hurudi lilikotoka. Nyonga yake iliwahi kuvunjika, hakuweza kutanua miguu na kukalia bodaboda. Kwa safari ya hospitali mjini Kisii alikuwa na chombo kimoja tu cha kumfaa, nacho kilikuwa hicho.

Kwamboka alipoingia gereji Jumatano ile, moshi wa buluu ulifika kabla yake.

"Fundi," akasema, "inakunywa oili kushinda petroli. Na mlimani inalia kama inachinjwa."

"Umeanza kuona moshi lini?"

"Usiniulize lini. Niambie utamaliza lini. Jumatatu mama anatolewa mtoto wa jicho. Nafasi hiyo tumeingoja mpaka akaacha kunitambua kwa uso, ananijua kwa magongo."

Nilisikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha moja kwenye chuma, mpini sikioni. Ringi za pistoni zilikuwa zimekwisha, na klachi ilikuwa imeungua. Sikushangaa. Injini ile ilitengenezwa kubeba watu wawili kwenye barabara tambarare, nasi hapa tunaiambia ivute gari jingine kupanda vilima hivi. Ilibidi ishuke yote. Na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia, kwa sababu mkono mmoja wa kile kigari ulipita chini ya injini kabisa. Injini haitoki mpaka kigari kitoke, na mimi sikuwa nimewahi kutoa kigari.

Nilichokuwa nacho ni hadithi ya Mzee Nyakundi tu. Alipokuwa kijana alimfungia meneja mmoja wa shamba la chai kigari chake baada ya matengenezo, akakaza kila nati kwa nguvu zake zote, akajipongeza. Meneja akawasha, akaenda moja kwa moja kwenye majani chai. Nyakundi alipenda kusimulia hiyo, na sisi tulicheka, lakini nilikuja kugundua kwamba yeye aliacha kucheka kabla yetu. Hakuwahi kutuambia meneja alitokaje humo. Alichotuambia ni kwamba gurudumu la kigari halitakiwi kutazama mbele kama magurudumu ya pikipiki. Liingie ndani kidogo kwa mbele, kama mtu mwenye kidole gumba kilichopinda. Na pikipiki yenyewe iegemee nje kidogo, mbali na kigari. Ukikosea kidogo tu, dereva anapigana na usukani mpaka mabega yanaisha. Ukikosea zaidi, chai.

Nilikaa mbele ya pikipiki ile na kikombe mpaka kikapoa. Hiyo pia ni ya Nyakundi: usifungue kitu ambacho hujakitazama kwa urefu wa kikombe cha chai. Wengine walisema alipenda chai tu. Nilichora kila kiungo kwa rangi nyeupe, mstari unaopita kwenye nati na kwenye chuma kilicho chini yake, ili wakati wa kurudisha mistari ikutane. Mikono ya juu ilikuwa na nyuzi za skrubu za kuirefusha na kuifupisha. Hizo niliapa kutozigusa. Nilitoa waya wa taa, nikatoa betri, kila bolti nikaiweka ndani ya kopo pamoja na nati yake.

Bado kuna jambo sikulifikiria, nalo lingewapata na ninyi pia. Pikipiki yenye kigari haina stendi. Ya pembeni ilikatwa siku kigari kilipofungwa, kwa kuwa ilikuwa inagonga, na ya kati ilikuwa imeng'olewa na mawe zamani. Kigari ndicho kilichokuwa stendi yake. Ukikitoa, pikipiki haina pa kujishikilia.

Nilimwita Makori, mchomeleaji wa kibanda cha jirani, mtu mkubwa na mpole. Akashika usukani na kiti. Chini ya injini nikaweka kreti ya soda. Nilipochomoa bolti ya mwisho, kigari kikasogea vizuri kama droo ya kabati. Lakini pikipiki ilihisi imeachwa. Ikalalia upande wa kulia kwa uzito ambao Makori hakuutarajia, kreti ikateleza, na fremu ikagonga ukingo wake kwa sauti nzito, puu, kabla hajaivuta juu.

Kwamboka alikuwa ameketi kwenye benchi la mlangoni, magongo yamelala mapajani. Alitazama tu.

Injini ilishuka siku hiyo hiyo, nikampandisha Kwamboka kwenye bodaboda arudi nyumbani. Aliichukia bodaboda. Aliwahi kuanguka nayo, na tangu hapo alimshika dereva kiunoni mpaka madereva wakalalamika. Nilimtazama akiondoka, magongo yamefungwa ubavuni kama kuni, nikajua kila siku nitakayochelewa ataipanda namna hiyo.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nasafisha fremu kwa mafuta ya taa, kazi ya kupitisha muda nikingoja ringi kutoka mjini. Chini, pale klampu, kibano cha nyuma cha kigari, ilipokuwa imekaa, rangi ilikuwa imebanduka. Nikapitisha kitambaa. Kitambaa kikanasa.

Ulikuwa ufa. Ulizunguka bomba la fremu zaidi ya nusu.

Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza nilichosikia kichwani ni ile puu. Nilikaa chini. Nilijaribu kukumbuka kreti iligonga wapi, na kila nilipokumbuka ilisogea karibu zaidi na ufa. Nikauosha kwa brashi ya waya, nikaleta tochi. Chuma kilichovunjika leo hung'aa ndani kama sarafu mpya. Kilichovunjika zamani huwa cha kahawia, maji yamekwisha kuingia. Ufa wa Kwamboka ulikuwa wa kahawia karibu wote. Mwishoni tu, kipande kifupi kama ukucha wa mtoto, uling'aa.

Makori alikuja akainama, akatazama muda mrefu.

"Huu ni wa kitambo," akasema.

"Na hapo mwisho?"

"Hapo mwisho ni wa juzi juzi. Inaweza kuwa shimo la barabarani. Inaweza kuwa sisi." Akafuta mikono kwenye aproni yake. "Utamwambia?"

Kwamboka alifika saa ya chai, akashuka kwenye bodaboda, akaketi kwenye benchi lake. Niliburuta fremu mpaka miguuni pake. Nikamwambia yote, pamoja na ile puu. Alisikiliza bila kunitazama.

"Kwa hiyo mmenivunjia."

"Leta kidole," nikasema. Nikamwashia tochi. "Hii rangi ya kahawia ni kutu. Kutu haiji kwa siku moja. Ulikuwa unaendesha kitu kilichokuwa kinakatika. Hiki kipande kinachong'aa sijui ni cha nani. Kinaweza kuwa changu."

Alipitisha kidole kwenye ufa, taratibu, kama anavyopitisha kwenye mshono. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Kama usingefungua, ningejua lini?"

"Ungejua barabarani."

"Na mama akiwa ndani."

Aliponyanyua uso alikuwa amekwisha kuamua jambo, na halikuwa lile nililotaka.

"Rudisha hivyo hivyo," akasema. "Nitaenda polepole. Jumatatu mama akishapona, utaichukua uifanye unavyotaka."

"Kwamboka, siwezi."

"Ni pikipiki yangu."

"Ni yako. Lakini kigari kinaning'inia pale palipokatika. Siwezi kukifunga pale nikijua nani atakaa."

"Wewe una miguu," akasema. Si kwa hasira. Alilisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. "Wewe ukisema siwezi, unatembea unaenda zako."

Vijana, hapo ndipo pagumu katika kazi hii, na hapana uhusiano na spana. Nilikuwa nimeshika miguu ya mtu. Ilikuwa imelala sakafuni kwangu, kwenye makopo na chini ya meza, na yeye ananiomba nimrudishie. Nilitaka sana kukubali. Kama Makori hangekuwa amesimama pale sijui ningefanya nini.

Makori ndiye aliyesema, "Nitaitia ala. Bomba nene juu ya bomba hili. Lakini lazima iwe kesho, na iwe mapema. Kesho ni Ijumaa."

Makori na Kwamboka wote wawili ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa hapakuwa na mtu wa kuwasha moto kibandani, wala sikuwa na uso wa kumwomba. Jumamosi yote ingekuwa tupu. Mimi ni Mkatoliki, ningefanya Jumapili baada ya misa. Kwa hiyo yote yalibanwa kati ya asubuhi moja na machweo yake.

Ijumaa umeme ukakatika.

Sitawaelezea saa zile. Makori aliketi juu ya mashine yake mikono imekunjwa. Mimi nilitoka nje kutazama taa ya duka la mbele, nikarudi, nikatoka tena. Kwamboka alipiga simu, nikamwambia kazi inaendelea, na huo ulikuwa uongo. Alasiri imeinama, friji ya duka ikaanza kunguruma, na Makori akasimama akavuta miwani.

Angalieni alivyofanya, ili msije mkalipia mtu anayepaka chuma juu ya ufa kama siagi. Kwanza alitoboa tundu dogo kwenye ncha ya ufa, pale palipokuwa panang'aa, ili usipate pa kuendelea. Akasaga ufa mpaka ukawa bonde, akaujaza. Kisha akachukua bomba nene, akalipasua mara mbili kwa urefu, akalivisha fremu kama bendeji, akachomelea kingo kwa kurukaruka, kidogo hapa, kidogo upande wa pili, ili joto lisiipinde fremu. Nilipoinua ndoo ya maji kupoza alinishika mkono. Chuma cha namna hiyo kikipozwa ghafla kinakuwa kama biskuti. Tulikiacha kipoe chenyewe. Alizima mashine, akafunga mlango, na jua lilikuwa limebaki kama kipande cha embe juu ya kilima. Tukaagana kwa kichwa tu.

Jumapili nilipandisha injini na ringi mpya, klachi mpya, na sproketi ya mbele ya mnyororo yenye meno machache zaidi ili milima isiiue tena. Makori alikuja kushika usukani, safari hii mgongo ukiwa ukutani na miguu imetanuka. Kigari kikaingia. Mistari yangu myeupe ikakutana yote, isipokuwa mmoja: ile ala ya Makori ilikuwa imeongeza unene pale chini, klampu haikukaa tena kama zamani, na zile nyuzi nilizoapa kutozigusa ikabidi niziguse.

Nililaza mbao ndefu iliyonyooka kugusa magurudumu mawili ya pikipiki, na nyingine kando ya gurudumu la kigari. Nikapima nafasi kati ya mbao hizo mbele na nyuma. Mbele iwe nyembamba zaidi kwa upana wa kidole. Nikazungusha, nikapima, nikazungusha. Nilipotaka kukaza, Kwamboka akasema kutoka kwenye benchi, "Unapima pikipiki iliyo tupu. Mimi sitakuwepo?"

Alikuwa sahihi. Springi hushuka mtu akikaa, na kila kitu hubadilika. Makori akamnyanyua akamketisha kwenye kiti chake, na ndani ya kigari tukaweka gunia la mchanga la uzito wa mama yake, yeye akikisia. Vipimo vyote vikawa vingine. Nikaanza upya, na safari hii ndiyo niliyokaza.

Sasa ilikuwa lazima ijaribiwe. Nikasema nitaiendesha.

"Umewahi kuendesha ya magurudumu matatu?" akauliza.

Sikuwa nimewahi. Hailali kwenye kona kama pikipiki. Ukijaribu kuilaza inakwenda inakotaka. Ukiongeza moto inavuta kushoto, ukishika breki inasukuma kulia, upande magari yanakotoka. Ukikata kona ya kushoto upesi na kigari chepesi, gurudumu lake linaondoka chini. Yeye alijua hayo yote kwa mabega.

"Toa gunia," akasema. "Ingia wewe."

Nikaingia. Nimefungua injini zilizowaka moto, nimelala chini ya malori yaliyoshikwa na jeki mbovu, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa ndani ya bati lile, magoti yamegusa kidevu, lami ikipita karibu na kiwiko changu. Kila kilicholia nilikijua jina. Nilikuwa nasikiliza ile ala tu. Tulishuka mteremko, ukaja mkunjo wa kushoto, nikahisi gurudumu chini yangu likiwa jepesi.

"Egemea nje," Kwamboka akasema, kwa sauti ya kawaida, kama anayeniomba nisogeze kiti. Nikaegemea kushoto, mbali na pikipiki. Likarudi chini.

Lori la ndizi lilikuwa linapanda. Akashika breki, pikipiki ikasogea kulia kuelekea lori, zaidi ya inavyotakiwa. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua tulikuwa tumesimama kando ya barabara na yeye anavuta pumzi.

"Inasukuma," akasema. "Haikuwa hivi."

Nilitoka na spana, nikafupisha mkono wa juu wa mbele kwa mzunguko mmoja, palepale kwenye nyasi. Tukarudi tukipanda. Akaachilia usukani kidogo, akaushika. Akashika breki. Akashika tena, kwa nguvu.

"Sasa?" nikauliza.

Hakunijibu mpaka tulipofika gereji. "Sasa ni yangu," akasema.

Mtadhani hofu iliishia hapo. Jumatatu sikuweza kushika kazi. Nilifunga gereji nikapanda gari kwenda Kisii, nikasimama ng'ambo ya lango la hospitali kama mtu anayemvizia mdeni. Muda wa kufika ulipita. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kule juu, na niliiona ile barabara ya Gesima, tope, kona, mama amejifunga blanketi. Nilipiga simu, haikushikwa. Nilijiambia anaendesha, atashikaje. Ambulensi ikaingia langoni ikipiga kelele, nikavuka barabara kuifuata, nikachungulia nani anashushwa. Alikuwa mzee wa kiume. Niliona aibu jinsi nilivyofurahi.

Walikuja wakiwa wamepakwa tope mpaka kwenye kofia. Mama alikuwa ameketi wima ndani ya karai, ameshika mwavuli uliofungwa. Kwamboka aliniona kabla sijajificha.

"Fundi. Umeleta mgonjwa?"

"Nilikuwa napita," nikasema.

Alinitazama, akatazama viatu vyangu visivyo na oili. Akachukua magongo yake. Mtu wa magongo mawili hana mkono wa kumshika mwingine, kwa hiyo mimi ndiye niliyemtoa mama na kumwongoza mpaka foleni. Alikuwa mwepesi, na alinishika kama anayeshika ukuta. Muuguzi akaniuliza mimi ni nani wa mgonjwa.

"Ni fundi," Kwamboka akajibu.

Muuguzi akangoja maelezo zaidi. Hakuna aliyempa.

Kesho yake Kwamboka aliniomba nirudi nimshike mama tena. Bendeji ilikuwa imetolewa. Daktari alisema imekwenda vizuri, na mama alikuwa anatazama kila kitu: kuta, viatu vya watu, mikono yangu. Alimshika Kwamboka kidevu akamgeuza uso kwenye mwanga, akamwangalia kwa muda, Kwamboka akivumilia. Tukatoka nje taratibu mpaka kwenye maegesho, pale pikipiki ilipokuwa, na bati lake lililobonyea, na vyuma vyake vya kuungaungwa, na ala ya Makori ikiwa nyeusi kwa moto.

Mama akasimama. Akaizunguka kidogo, akanyoosha mkono akagusa bodi, kisha gurudumu. Miaka yote hiyo alikuwa anaingizwa humo haoni vizuri.

"Hiki?" akauliza kwa Ekegusii, lugha yetu. "Mmekuwa mkinibeba kwa hiki?"

"Ndicho, mama," Kwamboka akasema.

Akakitazama tena. Akamtazama binti yake aliyekwisha kukaa na kuwasha. Kisha akanigeukia, akanipa mkono nimshike apande.